SI KILA MTORO NI MKAIDI
Afya ya mtoto na masomo yake katika mpaka wa Busia na Tororo

Jeshini neno utoro halihitaji kuelezwa. Askari asiyeitika jina lake katika gwaride la asubuhi huandikwa, hutafutwa, na akipatikana husimamishwa mbele ya mkuu wake bila kofia wala mkanda. Hata hivyo, kabla shtaka halijasomwa, kuna daftari moja ambalo sharti lifunguliwe kwanza, nalo ni daftari la wagonjwa. Jina lake likionekana humo, shtaka hufa papo hapo, kwani mgonjwa si mtoro. Shuleni neno ni lile lile, na adhabu yake wengi wetu twaikumbuka kwa ngozi zetu wenyewe. Lakini shule nyingi hazina daftari la wagonjwa. Mtoto asipofika huitwa mtoro, na akifika akasinzia huitwa mvivu.

Tunataka leo kuzungumza na ndugu zetu askari na polisi juu ya watoto hao, hasa wale wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Tororo na Malaba kuteremka Busia hadi pwani ya Ziwa Victoria. Tumeichagua sehemu hiyo kwa sababu ni mahali pachache duniani ambapo jambo hili limechunguzwa kwa makini na kwa miaka mingi kama pale.

Waliowahi kupangiwa kazi Busia au Malaba wanaijua nchi ile. Malori hupanga foleni mchana kutwa, baiskeli hupita na magunia ya mahindi, na kando ya barabara kuu zimo njia za panya zisizo na idadi. Msamia au Mteso huwa na shangazi upande huu na mjomba upande ule, na mtoto wake huvuka mara nyingi kuliko ofisa wa forodha anavyoweza kuhesabu. Tangu Februari 2018, marais wa nchi hizi mbili walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, gari hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Mbu na minyoo hawajapata kusimama hapo wakakaguliwa. Maji ya mto Sio huosha miguu ya watoto wa nchi zote mbili, na ugonjwa ulioko ng'ambo moja huwa uko ng'ambo ya pili pia.

Serikali zote mbili zilifungua milango ya shule kwa watoto wote. Uganda ilianza kutoa elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, na Kenya ikafuata mwaka 2003. Madarasa yalifurika, na wengi tukadhani kazi imekwisha, imebaki madawati na vitabu tu. Habari ya vitabu ina funzo lake. Katika miaka ya 1990 shirika moja la hiari lilipeleka vitabu vya kiada katika baadhi ya shule za msingi za Busia na Teso upande wa Kenya, kisha wataalamu wa uchumi wakalinganisha alama za shule zilizopata vitabu na zile ambazo hazijapata. Kwa wastani hawakuona tofauti. Walionufaika ni wale wachache waliokuwa wakiongoza darasa tangu mwanzo. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule ni lugha ya tatu, na aliyekuwa nyuma aliendelea kubaki nyuma huku amekumbatia kitabu kipya.

Ndipo likaja swali jingine: je, huyu aliyeko nyuma ana nini mwilini?

Mwaka 1998 shirika hilo la hiari, pamoja na ofisi ya afya ya wilaya ya Busia, lilianza mpango wa kutibu minyoo katika tarafa za Budalangi na Funyula. Shule zilikuwa 75, na wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa hazikutosha kuanza kila mahali kwa wakati mmoja, basi shule zikapangwa kwa utaratibu ambao kila askari ataufahamu: majina yaliandikwa kwa mfuatano wa alfabeti, kisha yakahesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, kama vile sajini anavyogawa kikosi uwanjani. Kundi la kwanza la shule 25 lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Kwa namna hiyo hakuna mkubwa aliyependelea shule ya kijiji chake, na waliosubiri zamu yao wakawa kipimo cha waliotangulia. Walioongoza uchunguzi huo ni Edward Miguel na Michael Kremer, wataalamu wa uchumi kutoka Marekani. Kremer alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, kwa ajili ya njia hii ya kupima mambo ya maendeleo kwa majaribio ya wazi.

Vipimo vya kwanza vilitisha. Kati ya kila wanafunzi 100 waliopimwa, 92 walikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi. Waliokuwa na safura walikuwa 77. Waliokuwa na minyoo mirefu iliyo mfano wa mjeledi, 55. Waliokuwa na chango, 42. Na waliokuwa na kichocho, 22. Kichocho kilikuwa kizito zaidi katika shule zilizo karibu na ziwa, ambako watoto huoga, hufua na kuvua samaki katika maji wanamoishi konokono wanaokibeba.

Yafaa tukae kidogo kwenye safura, kwani yeye ndiye adui anayejificha kuliko wote. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu anayejisaidia vichakani. Yakipata udongo wenye unyevu na kivuli huangua vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo husubiri mguu usio na kiatu. Hupenya ngozi, mara nyingi katikati ya vidole, vikaingia katika damu, vikafika mapafuni, vikapanda hadi kooni, mtoto akavimeza bila kujua. Vikiwa ndani ya utumbo hukua, hung'ata na kunyonya damu mchana na usiku. Mnyoo mmoja hunywa kidogo sana. Mamia ya minyoo kwa miaka mingi humwacha mtoto na viganja vyeupe, pumzi fupi na usingizi usiokwisha. Hana homa ya kumlaza kitandani. Hana jeraha la kuonyesha. Mwalimu humwona ameegemeza kichwa dawatini, naye humwendea na fimbo.

Wanajeshi ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kulifumbua fumbo hili. Mwaka 1899 Bailey Ashford, luteni kijana na mganga katika jeshi la Marekani, alikuwa kisiwani Puerto Rico baada ya kimbunga kikubwa. Alikuwa akiwatibu wakulima waliopauka na kuvimba, ambao watu walidhani wanaumwa njaa tu. Aliwalisha vizuri wala hawakupona. Alipochunguza choo chao kwa darubini alikuta mayai ya safura. Miaka michache baadaye, minyoo hiyo ilipogunduliwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, magazeti ya huko yaliiita kidudu cha uvivu, kwa kuwa watu waliokuwa wakichekwa kwa uzembe walionekana kuwa wamenyonywa damu tangu utoto.

Turudi Busia. Wachunguzi hawakuliamini daftari la mahudhurio, na twaona walifanya vyema, maana kila aliyewahi kukagua kikosi anajua daftari linavyoweza kusomeka vizuri kuliko uwanja. Waliwatuma watu shuleni siku isiyotangazwa, wakahesabu vichwa vilivyomo darasani. Huo ndio ukaguzi wa kushtukiza, na ndio uliotoa jawabu: katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa robo nzima. Hakuna fimbo iliyoongezwa, hakuna mzazi aliyetozwa faini. Watoto walimeza kidonge cha minyoo mara mbili kwa mwaka, na penye kichocho kingi wakaongezewa dawa yake mara moja kwa mwaka. Kisha wakaanza kuja shule.

Jambo la pili lilishangaza zaidi. Wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa dawa, kwa hadhari ya mimba, na watoto wengine walikosa kwa kuwa hawakuwapo siku hiyo au wazazi wao hawakukubali. Hata hivyo, hao nao minyoo yao ilipungua na mahudhurio yao yakapanda, kwa sababu wenzao waliotibiwa waliacha kuuchafua udongo wanaoukanyaga wote. Aliyekaa kambini ataliona hili kwa urahisi. Choo cha kombania kikiwa kichafu kwa sababu ya wawili, wanaoharisha ni kombania nzima.

Hatutaki kuwapaka wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Uchunguzi huo haukuonyesha kwamba alama za mitihani zilipanda. Watoto walihudhuria zaidi, lakini mtihani ulibaki pale pale. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha London walizipitia upya hesabu zote, wakakuta kasoro, hasa katika faida iliyodaiwa kuzifikia shule zilizo mbali kidogo na zile zilizotibiwa. Mwaka huo huo, na tena mwaka 2019, mapitio makubwa ya Cochrane yaliyokusanya majaribio ya nchi nyingi yalisema kwamba kumpa kila mtoto dawa bila kumpima kwanza hakuongezi sana uzito wala alama. Wenye uchunguzi wa Busia walijibu kwamba mahali penye minyoo mingi kama Budalangi hapafai kuchanganywa na mahali penye minyoo michache. Ubishi huo haujaisha. Kwa maoni yetu, ubishi wenyewe ni wa heri, maana wanaobishana wanabishana kwa hesabu walizozichapisha, si kwa vyeo.

Lakini hesabu moja ilihitaji muda wenyewe kupita. Wachunguzi waliwafuata watoto wale kwa miaka 20, Nairobi, Mombasa, Uganda na kila walikokwenda kutafuta riziki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalisema kwamba waliotangulia kupata dawa kwa miaka miwili au mitatu kabla ya wenzao walikuwa wakipata ujira wa saa ulio juu kwa asilimia 13, na matumizi ya nyumbani kwao yalikuwa makubwa kwa asilimia 14. Aliyekuwa darasa la tano mwaka 1998 sasa ni mtu mzima mwenye watoto shuleni.

Upande wetu wa Uganda nao haukulala. Katika parishi karibu 50 za mashariki ya nchi, watoto wadogo wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 7, wapatao 28,000, walifuatiliwa katika Siku za Afya ya Mtoto. Baadhi ya parishi zilitoa dawa ya minyoo pamoja na huduma nyingine, na nyingine hazikutoa. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba waliopata dawa mara mbili kwa mwaka waliongezeka uzito kwa asilimia 10 zaidi ya ilivyotarajiwa, na waliopata mara moja, asilimia 5. Miaka kadhaa baadaye mtaalamu mwingine alizichukua parishi hizo akazilinganisha na mitihani ya kusoma na kuhesabu ya watoto wa vijijini humo. Wale wa parishi zilizopata dawa utotoni walikuwa mbele. Huenda basi siri iko katika umri: dawa inayomfikia mtoto kabla hajaingia darasani hulinda kichwa chake, na inayomfikia baadaye humrudisha darasani lakini haimrudishii yote aliyoyapoteza.

Kuna mahali ambapo mpango wa Busia ulijikwaa, na pana maana kwetu sote tunaopenda kusema kwamba cha bure hakithaminiwi. Mwaka 2001 baadhi ya shule ziliambiwa wazazi wachangie gharama. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, wastani wa thuluthi moja ya dola kwa mtoto. Idadi ya watoto waliotibiwa ilianguka kwa kadiri ya asilimia 80. Wala hawakuwa wagonjwa zaidi ndio waliolipa. Maskini na asiye maskini waliacha pamoja. Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka mara ngapi sisi wenyewe tumemwahidi mtoto viatu mwisho wa mwezi, na mwezi ukaisha. Serikali ya Kenya haikufuata njia ya mchango. Mwaka 2009 ilianza kutoa dawa bure shuleni, ikawafikia watoto zaidi ya milioni 3 kwa mara ya kwanza, na tangu mwaka 2012 mpango huo ukawa wa taifa, ukiendeshwa na walimu wenyewe.

Sasa tuingie Tororo, ambako adui mkuu ana mabawa. Mtu akitaja Tororo, wengi hufikiria lile jabali na kiwanda cha saruji. Wataalamu wa malaria hufikiria jambo jingine. Waliohesabu mbu kule mwaka 2001 na 2002 walipata kwamba mtu mmoja hupata kwa mwaka kadiri ya maumo 562 ya mbu wenye vimelea vya malaria, yaani zaidi ya umo moja kila usiku. Mtoto aliyepona homa wiki hii alikuwa ameshapandwa mbegu ya homa ya mwezi ujao.

Malaria humharibia mtoto masomo kwa njia tatu. Ya kwanza yajulikana, ni siku anazolala nyumbani. Ya pili ni malaria inayopanda kichwani. Katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, wataalamu waliwapima watoto miaka miwili baada ya kupona malaria hiyo, wakakuta kama mtoto 1 kati ya 4 ana upungufu wa akili ya kukumbuka, kuzingatia au kujifunza. Ametoka wodini anatembea, mama ameshukuru Mungu, na hakuna aliyemwarifu mwalimu.

Njia ya tatu ndiyo ya hila. Mtoto wa shule wa nchi ya mbu hubeba vimelea damuni bila homa yoyote, akapungukiwa damu polepole. Huko Bondo, kusini ya Busia upande wa Kenya, shule 30 zilishirikishwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008. Watoto waliopewa dawa ya kusafisha damu mara moja kila muhula, ingawa hawakuonekana wagonjwa, walipungukiwa na damu kwa nusu tu ya wenzao, na walipopewa mitihani ya kukaza fikira walidumu makini zaidi. Kisha mwaka 2011 wanafunzi 740 wa Tororo waliingizwa katika jaribio la dawa ya malaria. Kundi lililoimeza kila mwezi kwa mwaka mmoja lilipata malaria pungufu kwa asilimia 96 kuliko kundi lililomeza vidonge vitupu.

Mwishoni mwa mwaka 2014 kampeni ya kupuliza dawa ndani ya nyumba ilianza Tororo, vyandarua vikiwa vimegawiwa mwaka uliotangulia. Huko Nagongera, watoto waliokuwa wakiugua malaria karibu mara 3 kwa mwaka kila mmoja, walifikia hali ambapo kwa watoto 100 hazikuonekana homa 10 kwa mwaka mzima. Wodi zilipata nafasi. Halafu, kuanzia mwaka 2020, baada ya dawa ya kupuliza kubadilishwa, malaria ilirudi kwa nguvu katika Tororo na wilaya nyingine zilizokuwa zikipulizwa. Upulizaji haukusimama, ila mbu hakuiogopa dawa mpya kama ile ya kwanza.

Kwa nini ofisi ya habari ya jeshi ijishughulishe na minyoo na mbu? Tumewahi kukaa nyuma ya meza siku ya kuandikisha askari wapya. Kijana amekuja kutoka mbali, ana moyo, ana cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa wakubwa wa kijiji chake. Anapimwa urefu, haufiki. Anakimbia, anabaki nyuma ya wote. Anapewa karatasi ya maswali mepesi na kalamu haisogei. Tunamwambia arudi nyumbani akajitahidi zaidi. Hatujui ajitahidi vipi, kwani urefu ule na kalamu ile vilipotea alipokuwa na miaka mitatu. Waingereza walilijua hilo kwa uchungu wakati wa vita vyao na Makaburu, 1899 hadi 1902, walipoona vijana wengi wa mijini wanakataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili. Kamati iliundwa, ikatoa taarifa yake mwaka 1904, na katika mwaka 1906 na 1907 bunge lao likapitisha sheria za chakula cha shuleni na za kuwapima afya wanafunzi. Walipotaka askari walilazimika kuanzia na mtoto wa darasa la kwanza.

Polisi wanayo nafasi ambayo sisi wa jeshini hatuna. Askari wa doria ndiye anayemkuta mtoto barabarani saa nne asubuhi, pengine na kibuyu, pengine na furushi la kuvushia mpakani. Tungeshauri, kabla ya kumkaripia, atazame viganja vyake na upande wa ndani wa jicho kama ni vyekundu au vimepauka. Hilo halihitaji udaktari. Na katika shule zilizo karibu na kambi zetu, wakuu wa kambi wangeweza kuwaomba waganga wetu watenge asubuhi moja kwa muhula. Tunajua kuna kambi ambazo zimefanya hivyo bila amri kutoka juu, na nyingine zinangoja amri.

Kwa mzazi aliye kazini mbali na familia: Siku za Afya ya Mtoto huja mara mbili kwa mwaka, mwezi Aprili na mwezi Oktoba, na dawa ya minyoo pamoja na vitamini A hutolewa bila malipo. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Uganda Aprili 2025 huko Apac. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 6, 7 na 8, na mara ya nne akiwa na miezi 18. Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa wakati huo mtoto ameshaanza kutembea na mama ameshaacha kumbeba kwenda kliniki. Anayepiga simu nyumbani jioni hii na aulize kadi ya mtoto iko wapi.